Jikoni Bila Mlango

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Nisreen hakugonga mlango wa mbele. Alizunguka nyumba, akapita chini ya kamba ya nguo, akaingia kwa mlango wa nyuma, ule unaofungukia jikoni. Alivua viatu kizingitini na kusema, "Shikamoo, Mama." Kabla hajaitikiwa, pua yake ilikuwa imekwisha kumwambia kinachopikwa.

Jiko lenyewe lilikuwa dogo na la zamani. Makabati yalikuwa yamevimba kwa maji, sinki lilivuja, na ukuta wa juu ya meko ulikuwa mweusi kwa moshi. Lakini jiko hilo lilikuwa na mlango wa kuelekea sebuleni. Mabruka, mama yake Nisreen, akishaufunga mlango huo, alivua mtandio, akakunja mikono ya dera hadi kwenye viwiko, akaketi juu ya mbuzi na kukuna nazi, nywele wazi. Sebuleni wangeweza kuwako wageni wa Baba, au Ridhwan, kaka yake Nisreen, na rafiki zake wakitazama mpira. Hakuna aliyemwona, naye hakumjali yeyote.

Wala hakuwa peke yake. Jirani yao, Mama Okinyi, mzaliwa wa Siaya, aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Alikaa mkekani, akamsuka Mabruka nywele, na ulimi wake haukutulia hata kidogo.

"Mama Ridhwan, nywele zako zinateleza kama kambare. Nikishika huku, zinatorokea kule."

"Basi zitegee nyavu," Mabruka alimjibu. "Si nyinyi ndio wavuvi?"

Walicheka hadi kitunguu kikaungua.

Mlango ule ulikuwa na kazi nyingine pia. Mabruka alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijidunga sindano kila siku, na akishajidunga ilikuwa lazima ale. Daktari alimkataza kufunga Ramadhani, na maalimu wa msikiti akamhakikishia kwamba mgonjwa ana ruhusa. Hata hivyo Mabruka hakuweza kutafuna mbele ya watu waliofunga. Alilelewa akijua kwamba huko ni kukosa adabu. Kwa hiyo Ramadhani iliyopita kila mchana alifunga mlango wa jikoni, akala, akaosha sahani yake, kisha akaufungua tena.

Nisreen mwenyewe hakuwa na mkeka wake popote. Familia ilihamia Nairobi kutoka Mombasa mwaka uliotangulia, baba yake alipofungua duka la vitambaa katikati ya jiji. Nyumba waliipata Mountain View, na shule ikapatikana karibu. Rafiki ndio hawakupatikana. Wasichana wa Gredi ya Sita walikuwa wamekwisha kugawana wao kwa wao tangu wakiwa wadogo, kama watu waliogawana viti kabla mgeni hajafika. Alipofungua kinywa, walimcheka.

"Wewe huongei, unasoma taarifa ya habari!" walimwambia.

Basi akaacha kuongea. Saa ya mapumziko alikaa kando ya tangi la maji, akafungua mkebe wake wa chakula, akaufunga, akaufungua tena, ili anayepita adhani ana shughuli.

Kisha ikaja siku ya kuzaliwa ya Joyline. Joyline alikuwa msichana ambaye wengine walimzunguka. Aliishi Kileleshwa, ghorofa ya juu kabisa, naye aliwaalika wasichana wote wa darasa. Nisreen aliingia katika mwaliko kwa mlango wa neno "wote".

Nyumba ya kina Joyline haikuwa na ukuta kati ya jikoni na sebule. Palikuwa na kaunta ndefu nyeusi, na mbele yake stuli ndefu zilizopangwa mstari. Vyombo vilikuwa kwenye rafu zisizo na milango. Sukari, chumvi, mchele, vyote vilikuwa katika chupa za kioo zinazofanana kama mapacha. Wasichana walipanda stuli, wakapiga gumzo, wakapiga picha. Nisreen naye alipata stuli, na hakuna aliyehama kando yake. Jioni ile alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya Nairobi ila mbele ya mama yake.

Hakugundua kwamba hakuna kilichopikwa pale. Chakula kililetwa na boda boda, kikiwa ndani ya maboksi.

"Na jikoni kwenu kukoje?" Joyline alimwuliza.

Nisreen aliuona ukuta mweusi kwa moshi. "Kunatengenezwa," alijibu.

"Kukiisha utuite!"

Njiani kurudi nyumbani neno hilo lilimwimbia masikioni. Utuite. Alikuwa na hakika sasa amejua dawa ya upweke wake. Ni ile kaunta.

Haikupita muda mrefu dada yake Mabruka akajifungua huko Mombasa, na Mabruka akasafiri kwenda kumtunza mpaka arobaini itimie. Nyumba ilipoa. Ridhwan alirudi jioni na kuinamia simu yake. Baba alirudi na giza. Nisreen alipasha moto wali wa jana, akaula peke yake, amesimama.

Jumamosi moja Mbarak, baba yake, aliingia jikoni, akakanyaga maji yaliyovuja kutoka kwenye sinki, akatikisa kichwa.

"Njoo, mwanangu. Nataka kumtengenezea mama yako jiko kabla hajarudi. Simwambii chochote, nataka aingie tu aone. Lakini mimi humu huingia kunywa maji nikatoka. Wewe ndiye unayeshinda naye. Mama yako hutamani nini?"

Nisreen alijua. Mama alitamani sinki lenye kina la kuoshea sufuria ya biriani. Alitamani makabati yanayofungika sawasawa, maana vumbi la Waiyaki Way halijui kupumzika. Alitamani dirisha kubwa la kutoa moshi, na sakafu ya kutosha mkeka na mbuzi. Aliyasema hayo kila wiki, tena kwa sauti.

"Anataka ukuta uondolewe," Nisreen alisema.

"Ukuta upi?"

"Huu wa sebuleni. Pawe wazi. Na kaunta nyeusi, na stuli ndefu. Na rafu zisizo na milango, zenye chupa za kioo zinazofanana."

Mbarak alimkazia macho. "Mabruka huyu ninayemjua mimi? Na wageni wangu je?"

"Anasema nyumba zote siku hizi ziko hivyo." Ulimi ulikuwa umekwisha kuteleza. "Anasema amechoka kufungiwa."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Mbarak. Aliweka mkono juu ya ukuta.

"Kumbe," alisema polepole. "Amechoka kufungiwa, na miaka yote hii hajaniambia. Haya. Ukuta utoke."

Fundi Odhiambo alikuja kutoka Kangemi na nyundo kubwa begani. Alikuwa mtu wa mzaha.

"Mzee, huu ukuta umekukosea nini?"

"Bibi ameagiza," Mbarak alisema.

"Ah! Bibi akiagiza, hata nguzo ya nyumba inatoka."

Akapiga nyundo. Nisreen, aliyesimama nyuma ya baba yake, alishtuka kila ilipotua.

Mabruka aliporudi, Mbarak mwenyewe alimpokea mkoba na kumwongoza ndani. Rangi ilikuwa bado imemganda kwenye nyusi, kwa kuwa sehemu ya kazi aliifanya kwa mkono wake. Alinyoosha mikono kama anayefungua pazia.

"Umeonaje?"

Mabruka alipatazama pale palipokuwa na mlango. Akaitazama kaunta, iliyokalia mahali pa mkeka. Kisha akamtazama mumewe, akaiona ile rangi kwenye nyusi.

"Mashallah," alisema. "Mmejitahidi."

"Unapapenda?"

"Napapenda, Baba Ridhwan. Mungu akulipe."

Jioni alimwita Nisreen chumbani, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Haya yote aliyataka baba yako?"

Nisreen alitazama vidole vya miguu yake. "Ndiyo, Mama."

"Basi. Kama yamemfurahisha, yatosha." Akafunga mtandio wake vizuri, akaenda kupika.

Hivyo ndivyo watu wawili wanaopendana walivyoishi katika jiko ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitaka, kila mmoja akimwachia mwenzake furaha ambayo mwenzake hakuwa nayo.

Joyline alikuja na wasichana wenzake. Walipanda stuli, wakatengeneza midomo mbele ya simu, wakala viazi karai vyote.

"Aki Nisreen, kwenu kumeiva!" Joyline alimsifu, na wakati wa kuondoka akapunga mkono. "Tutarudi!"

Jumamosi iliyofuata Nisreen alipangusa kaunta tangu asubuhi. Akazipanga stuli. Akakaa kwenye moja, akasubiri hadi taa za barabarani zikawaka. Siku ya Jumatatu alijipa moyo akamfuata Joyline uwanjani.

"Jumamosi hii mtakuja?"

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu. Kwenye kaunta."

"Ah, hizo nyeusi zimepitwa, wewe!" Joyline alisema, bila ubaya wowote, kama anayetoa habari ya mvua. "Mama anang'oa yetu. Sasa ni kijani na mbao. Hujaona?" Kisha akageukia wenzake, na mabega yao yakafungana.

Nisreen alirudi kwenye tangi la maji na mkebe wake.

Nyumbani nako kulikuwa kumebadilika. Mama Okinyi alikuja kama kawaida yake, kitana mkononi, akafungua mlango wa nyuma, akasimama. Mabruka alikuwa mbele ya meko akikaanga, amevaa buibui na mtandio, jasho likimtiririka. Sebuleni, hatua chache tu kutoka pale, rafiki zake Ridhwan walikuwa wamejaa kwenye makochi.

"Woi, Mama Ridhwan! Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Napika."

Mama Okinyi alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki. Alitafuta mahali pa kukaa, hakupaona. Akajaribu kupanda stuli.

"Hii ilitengenezewa twiga," alisema, miguu ikining'inia.

Vijana waligeuka kumtazama. Kusuka hakukuwezekana, maana Mabruka asingevua mtandio mbele yao. Hata maneno yalikosa mahali pa kusemewa. Baada ya kitambo kidogo Mama Okinyi alishuka. "Nitakuja siku nyingine, nyar Mombasa," alisema, kwa jina alilozoea kumwita, yaani binti wa Mombasa. Akarejesha mlango taratibu. Hiyo siku nyingine haikufika.

Mabruka aliacha kukaanga samaki, kwa sababu harufu iliingia kwenye mapazia na wageni wakashika pua. Aliacha kukuna nazi, kwa sababu mbuzi haikuwa na pa kukaa. Vumbi la barabara lilitua juu ya rafu zilizo wazi, likachanganyika na mafuta, na kila alasiri Nisreen alimkuta mama yake amesimama akiosha glasi ambazo hakuna aliyezitumia.

"Mama Okinyi hakuja leo?"

"Hakuja."

"Kwa nini?"

"Watu wana kazi zao, mwanangu."

Nisreen aliitambua sauti ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile aliyojibu nayo kila alipoulizwa, "Shuleni kulikuwaje?" Alitaka kusema kweli. Badala yake akachukua kitambaa, akaanza kupangusa glasi.

Ramadhani iliingia. Sasa Mabruka alikula mchana chumbani, akiificha sahani chini ya leso, akipita sebuleni kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe. Siku za kazi aliweza. Lakini Jumapili Mbarak alikuwa na desturi ya kuwakaribisha watu wa msikiti wake. Walikuja baada ya alasiri, wakasoma darsa sebuleni, wakafuturu pamoja. Jumapili ya pili walikuja mapema, moja kwa moja kutoka sala ya adhuhuri.

Mabruka alikuwa amejidunga sindano yake muda huohuo. Sahani yake ya wali na maharagwe ilikuwa juu ya kaunta. Aliposikia, "Hodi!" aliifunika kwa kawa, akavuta mtandio mbele.

Wageni waliketi. Wengine walitawadha kwenye mfereji wa uani, karibu na mlango wa nyuma. Kila upande palikuwa na macho. Nisreen, aliyekuwa akikunja sambusa, alisogea karibu na mama yake.

"Mama, hujala."

"Nyamaza, watasikia."

"Nenda chumbani."

"Nipite katikati yao na sahani mkononi, na wote wamefunga? Na mafuta haya nimwachie nani? Nikimaliza hizi nitakula."

Alimaliza hizo, akaanza nyingine. Maalimu alisoma, watu wakaitikia. Adhana ya alasiri ikasikika, wageni wakaswali, wakarudi kuketi. Sahani ilikuwa bado chini ya kawa. Nisreen aliona mikono ya mama yake ikitetemeka. Jasho lilimtoka usoni, naye alikuwa amekwisha kusogea mbali na moto.

"Zuhura, nipe upawa," Mabruka alisema.

Zuhura ni dada yake aliyeko Mombasa.

"Mama, ni mimi. Nisreen."

Mabruka alimtazama kana kwamba yuko mbali sana, akashika ukingo wa kaunta, na magoti yake yakalegea. Akateleza taratibu hadi sakafuni.

Nisreen alizima gesi kwanza. Alikuwa amefundishwa la kufanya: sukari, upesi, maadamu bado anaweza kumeza. Alinyoosha mkono kwenye rafu, na rafu ikamtazama kwa chupa zake zinazofanana. Nyeupe hii, nyeupe ile. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi! Akatema, akavuta ya pili. Sukari. Aliikoroga kwa maji hadi glasi ikakaribia kuvunjika, akakiinua kichwa cha mama yake.

"Kunywa, Mama. Meza. Meza tena."

Mbarak alikuwa amekwisha kuruka kutoka sebuleni. Alipiga magoti, akamshika mkewe. Wageni waligeuza nyuso ukutani kwa heshima, wakiomba dua kwa sauti ya chini. Polepole macho ya Mabruka yakapata mahali pa kutua. Akavuta mtandio wake.

Mbarak aliinua kawa, akaona wali uliopoa. "Umejidunga na hukula? Kwa nini hukula?"

"Ningekula wapi?" Mabruka alimwuliza.

 Maalimu alisimama. "Mbarak, sisi tutafuturu msikitini. Tuwe radhi sote. Mwache mwenyeji apumzike." Wakatoka mmoja mmoja.

Mabruka alikula palepale sakafuni, nyuma ya kaunta, mahali pekee ambapo hakuonekana. Mbarak alikaa kando yake hadi sahani ikabaki tupu.

"Mama Ridhwan," alisema hatimaye, "kama palikuwa panakutesa, kwa nini hukusema? Wewe mwenyewe ndiye uliyetaka ukuta utoke."

Mabruka aliweka sahani chini. "Mimi?"

"Uliposema umechoka kufungiwa."

"Mimi? Baba Ridhwan, mimi nimeambiwa wewe ndiye uliyetaka."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakageuza vichwa.

Nisreen alikuwa amesimama kando ya rafu, chupa ya sukari bado kifuani. Angeweza kusema amesahau. Angeweza kulia tu na wao wakamwonea huruma. Lakini lile swali, "Ningekula wapi?" lilikuwa bado masikioni mwake.

"Ni mimi," alisema. "Nilimdanganya Baba kuwa Mama anataka. Nikamdanganya Mama kuwa Baba anataka. Mimi ndiye niliyetaka."

"Ulitaka nini?" Sauti ya Mbarak ilikuwa imepanda. "Mtoto wa miaka kumi na miwili, kaunta ya kazi gani?"

"Nilitaka Joyline aje."

"Akaja?"

"Mara moja." Hapo machozi yakamshinda. "Shuleni sina mtu, Baba. Nilidhani kukiwa kuzuri watakuja. Na Mama Okinyi, aliyekuwa akija, sasa haji."

 Mbarak alipangusa uso kwa viganja vyake viwili.

"Umekosa," alisema. "Umetumia jina la mama yako kupitisha haja yako, na leo nusura uongo huo umwondoe duniani. Hilo usilisahau. Lakini nami nimekosa. Nimeishi na mke miaka yote hii, nikaenda kumwuliza mtoto."

"Na mimi nikanyamaza," Mabruka alisema, "nikauita ukimya wangu adabu. Nisreen, kesho utakwenda kwa Mama Okinyi. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako."

Nisreen alikwenda. Mama Okinyi alikuwa mlangoni pake akichambua mboga. Hakucheka, wala hakumkatiza. Nisreen alipomaliza kusimulia yote, mama yule aliendelea kuchambua jani moja hadi likabaki uzi.

"Mimi nilidhani mama yako amenichoka," alisema. "Nilijiambia, Peres, nyumba imekuwa ya kifahari, wewe sasa ni wa nini pale? Nyathina, mtoto wangu, unajua nimekaa humu ndani Jumamosi ngapi nikijiuliza nimemkosea nini?"

Nisreen hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amehesabu upweke wa mama yake na upweke wake mwenyewe. Kumbe palikuwa na wa tatu, ukuta wa pili tu kutoka kwao.

"Nisamehe, Mama Okinyi."

"Nimesikia." Akamsukumia rundo la mboga. "Kaa. Chambua. Na ukimaliza uniambie mama yako anaendeleaje."

Baada ya Idi, Fundi Odhiambo aliitwa tena. Alisimama katikati ya jiko, mikono kiunoni.

"Mzee, nilivunja mwenyewe, sasa nijenge mwenyewe? Nyinyi mnanipenda kweli. Haya, mlango ufungukie upande gani?"

Mbarak alianza kujibu. "Weka ufungukie..." Akajikatiza. Akageuka na kuita kwa sauti kubwa, "Mama Ridhwan! Njoo, kuna swali lako huku!"

Mabruka alikuja. Hakuhitaji kufikiri. Mlango ufungukie ndani, usimgonge anayebeba chai. Ukutani kuwe na kidirisha cha kupitishia sahani, chenye kifuniko chake. Makabati yafungike. Sinki liwe na kina. Chupa za chumvi na sukari zisifanane kamwe. Dirisha la nje lipanuliwe, moshi utoke. Na kaunta iondoke, sakafu yake irudi.

"Hii nyeusi ni nzuri, mama," Odhiambo alilalamika akiigonga kwa vidole. "Watu wanaililia."

"Najua ni nzuri. Mpe anayeililia." Mabruka alimvuta Nisreen karibu naye. "Nisikilize, mwanangu. Mtindo ni mgeni. Huchungulia ndani, husifu, halafu huenda kwa jirani. Anayebaki na moto na masufuria ni mpishi. Jiko hutengenezwa kwa kumwuliza yeye, na yeye aseme kweli. Wewe ulijua ninachohitaji, ukampa baba yako unachotamani wewe, ukaweka jina langu juu yake. Mtu akidanganywa hivyo hata mapenzi yake humuumiza yule anayempenda. Na upweke hauponi kwa uongo. Ulikuwa mpweke ndani ya nyumba yako mwenyewe na hukutuambia. Hilo limeniuma kuliko kuanguka."

"Sikujua niseme vipi, Mama."

"Basi anza leo." Mabruka aliuelekeza mkono kwenye chumba kizima, kilichojaa vumbi la saruji. "Mimi nimekwisha kusema yangu. Wewe unataka nini humu? Safari hii sema lako, usiseme langu."

Nisreen aliutazama mkono wa mama yake, akamtazama baba yake, akamtazama hata fundi aliyekuwa akingoja na penseli sikioni. Shuleni kesho hakuna kitakachokuwa kimebadilika, hilo alilijua. Tangi la maji litakuwa palepale.

"Nataka mahali pa kukaa," alisema. "Nikitoka shule. Nisikae peke yangu."

Odhiambo alishika penseli, akainama chini ya dirisha. "Benchi, basi. La urefu gani?"

"La watu watatu," alisema Mabruka, akiutazama mlango wa nyuma, aliozoea kuingilia Mama Okinyi.